Nani anasafisha kaburi la baba yako?

Walioniomba niandike katika kitabu hiki waliniambia nichague mila moja ya kwetu Bushi: kuzaa, kuoa ao kuzika. Nimechagua kuzika. Lakini mtanivumilia, itabidi nipite China kwanza, kwa sababu ni huko nilikoulizwa swali ambalo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilimaliza masomo yangu ISP Bukavu, katika idara ya Kiingereza na Utamaduni wa Kiafrika. Miaka mitano nilisoma habari za mababu katika kalasi, nikapata alama nzuri, na sikujua jina la babu wa babu yangu. Wakati huo mwalimu wa sekondari kwetu hakufikisha hata dola 100 kwa mwezi, na sehemu kubwa ilitoka mifukoni mwa wazazi, si kwa leta. Mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa vitambaa na viatu, tayari alikuwa amezoea njia ya Dubai, halafu akahamia njia ya Yiwu. Mwaka 2007 akanichukua ili nimsaidie kwa lugha. Nilifika mwezi wa nane. Baada ya wiki tatu akaona kwamba Kiingereza changu hakimsaidii sana (wale wenye maduka walijua tarakimu, na kwa mengine walitumia kikokotoo), akasema: "Hapa masomo ya watu binafsi yanatafuta walimu wa Kiingereza kila siku. Nenda ujaribu."

Yiwu ni mji wa mkoa wa Zhejiang, wenye soko ambalo mtu hawezi kulimaliza kwa mwezi mzima: ghorofa moja vitu vya kuchezea, nyingine miavuli, nyingine soksi tu. Mwafrika hapo si ajabu. Utakutana na watu wa Butembo, Goma, Lubumbashi, pamoja na Wasenegali na Wamali, na Waarabu wengi. Masomo niliyopata yalikuwa ya msingi, watoto 45 kwa kalasi moja. Direkta alisikiliza Kiingereza changu dakika tano, akaridhika. Halafu akafunga mlango.

"Wazazi hapa hawajui Kongo," alisema. "Wakikuuliza, wewe ni Mkanada. Kule wanasema Kifaransa pia, hakuna atakayeshangaa matamshi yako."

Mshahara ulikuwa yuan 4,000, zaidi kidogo ya dola 500 kwa wakati ule, na chumba bure. Nilimwambia mjomba jioni, akacheka sana: "Sasa Kanada itapunguka nini?" Nikakubali. Juma lililofuata foto yangu ilibandikwa kwenye mlango mkubwa wa masomo, na chini yake bendera yenye jani jekundu. Kila asubuhi nilipita mbele yake. Mwanzoni niliinamisha kichwa, baadaye nikazoea, na hilo la kuzoea ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Kazi yenyewe niliipenda. Saa moja na nusu asubuhi watoto wanasimama msitari uwanjani, muziki unapigwa, wanafanya mazoezi ya viungo wote pamoja. Mimi nilifundisha kusema tu, sarufi ilikuwa ya walimu wenyeji. Tuliimba, tuliuza na kununua matunda ya karatasi, tulitaja rangi. Neno "think" lilitushinda wote: wao walisema "sink", na mimi niliyelelewa na Kifaransa nilikuwa ninasema "sink" vilevile. Usiku nilijizoeza mbele ya kioo, ulimi katikati ya meno, kusudi asubuhi nikawafundishe. Walimu wenzangu wanaosoma hapa watanielewa.

Watoto walikuwa na maswali ya Kanada. Kuna dubu? Kuna theluji? Ndiyo, nilijibu, theluji nyingi. Basi mwisho wa Januari 2008 theluji ikaanguka China ya mashariki na ya kusini kama haijaonekana kwa miaka mingi. Watu maelfu na maelfu walikwama kwenye stesheni za gari la moshi wakitaka kwenda kwao kwa mwaka mpya. Watoto wakanivuta nje kwa shangwe: Mkanada ameletewa vitu vya kwao! Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa theluji. Nilipiga hatua nne, nikaanguka chali. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikasema viatu ndivyo vibaya.

Siku ya posho nilikuwa kwa mjomba. Hapo palikuwa kama Kadutu ndogo: muziki, simu tatu zinalia kwa mara moja, na mtu mmoja wa Butembo aliyejua kupata unga wa mihogo kutoka Guangzhou. Tulikula bugali na samaki, majani ya viazi vitamu tukayapika kama matembele, tukasemezana Kiswahili mpaka usiku. Nilikuwa ninarudi kuwa Mkongomani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nne ya usiku.

Siku ya yenga nilijipa matembezi. Mara nyingi nilichukua gari la moshi mpaka Hangzhou, mji mkuu wa mkoa, kwenda kwenye ziwa wanaloita Xihu, maana yake Ziwa la Magharibi. Mtu wa Bukavu haoni ziwa akatulia, lazima alilinganishe na lake. Xihu ni dogo, ukizunguka kwa miguu siku moja inatosha, wakati Kivu hata ng'ambo huioni vizuri. Lakini katikati ya maji yao kuna njia ndefu, karibu kilomita tatu, yenye miti pande zote mbili na madaraja sita. Aliyeijenga ni Su Dongpo, mshairi, alipokuwa gavana pale mwishoni mwa karne ya 11. Ziwa lilikuwa linajaa tope na majani, akaamuru lichimbuliwe, halafu lile tope lenyewe akalifanya njia. Miaka zaidi ya 900 watu wanaitembelea na bado wanaiita kwa jina lake. Nilikaa pale nikifikiri chupa za plastiki zinazotoka mjini kwetu na kwenda kuziba barazi ya Ruzizi. Gavana mshairi sisi hatujapata bado.

Nyuma ya ziwa, kwenye vilima, kuna mashamba ya chai ya Longjing. Hapo nilisimama kama mtu aliyeona ndugu yake njiani. Vilima vya kijani vilivyochanwa misitari, wanawake wenye vikapu, ukungu wa asubuhi: ungesema uko upande wa Mbayo. Kumbe tofauti ni kubwa. Kwetu karibu na ikweta majani yanachumwa mwaka mzima na kupelekwa kwenye usine. Wao wana majira, na chai ya bei kubwa kuliko zote ni ile inayochumwa kabla ya Qingming, inakaushwa kwa mikono katika sufuria ya moto. Hapo ndipo niliposikia jina hilo mara ya kwanza. Nikauliza Qingming ni nini. Mwanamke mmoja mwenye kikapu akanionyesha kwa ishara: akafagia hewani, akaelekeza kidole kilimani, kwenye mawe ya makaburi katikati ya chai.

Kabla ya kufika huko, lazima niseme juu ya tarehe 3 Februari 2008. Wa Bukavu wote wanaikumbuka. Ilikuwa siku ya yenga asubuhi, watu kanisani, ardhi ikatikisika. Upande wetu na hasa ng'ambo, Rusizi na Nyamasheke, watu walikufa. Kwa saa za China ilikuwa mchana kupita saa tisa. Mjomba alipigiwa na mtu wa Bujumbura, na sisi tukaanza kupiga Bukavu, simu haiingii. Tulipiga mpaka usiku. Hatimaye sauti ya mama:

"Tuko, mutoto wangu, tuko. Nyumba imepasuka ukuta ya mbele tu. Lakini musalaba ya baba yako imeanguka. Nilienda kuangalia."

Nikamwambia aitafutie mtu wa kuisimamisha, nitatuma pesa.

"Mwenye kuisimamisha haiko hapa," akasema, na laini ikakatika.

Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alifariki mwaka 2003, tukamzika kwenye makaburi ya Ruzizi. Babu yangu yeye amelala katika shamba la migomba, nyuma ya nyumba yake, kama ilivyokuwa desturi. Kwa babu hakuna haja ya kwenda: unaenda kukata ndizi, umempita. Mjini ni lazima mtu aondoke kwa miguu yake. Ni kweli tuna tarehe mosi Agosti, sikukuu ya wazazi: asubuhi watu wanaenda makaburini na majembe, mchana wanawapikia wazazi walio hai. Lakini tuseme ukweli. Wengi wetu tunafanya ile ya mchana. Mimi tangu baba azikwe nilikwenda mara moja. Miaka mingine nilikuwa na mitihani, mvua, rafiki, sijui nini. Mama alikwenda peke yake na sikumuuliza.

Mwaka ule wa 2008, kwa mara ya kwanza, leta ya China ilifanya Qingming kuwa siku ya mapumziko. Iliangukia siku ya ijumaa, tarehe 4 Aprili. Baba wa mmoja wa wanafunzi wangu, mwenye karakana ya soksi, akanialika kwao kijijini ili nione desturi. Tulikwenda kwa gari lake, yeye, mke wake, mtoto wao wa miaka kumi na mimi Mkanada wao. Babu wa mtoto alikuwa anatungoja kwenye mlango, mzee mkavu, kofia kichwani, jembe tayari begani.

Tukapanda kilima kwa njia nyembamba kati ya mianzi. Nilitegemea machozi, ao sala ndefu. Haikuwa hivyo. Mzee akavua koti, akaanza kulima. Mwanawe mwenye karakana, mtu wa suti na simu mbili, akashika mundu akakata majani. Bibi akapanga vyakula mbele ya jiwe: nyama ya nguruwe, tofu, na vikate vya kijani vya unga wa mchele uliochanganywa na majani ya porini. Vikombe vitatu vya pombe ya mchele. Udi ukawashwa, pesa za karatasi zikachomwa, baruti zikalia mpaka masikio yakaziba. Wakainama mmoja mmoja. Halafu mzee akamwaga ile pombe chini.

Nilipoona pombe inaingia katika udongo nilimkumbuka babu yangu na kasiksi yake. Hakunywa bila kumwaga kidogo kwanza, mpaka katekista akamkataza kwamba ni kuabudu mizimu. Akaacha kumwaga mbele ya watu. Huyu mzee naye alikuwa na hadithi kama hiyo, alinieleza baadaye kwa mdomo wa mwanawe. Tangu 1966, katika Mapinduzi ya Utamaduni, mambo ya udi na pesa za karatasi yalihesabiwa kuwa ushirikina. Miaka ile alipanda kilimani na jembe tu. "Kukata majani hakuna aliyeweza kusema ni kosa," alisema.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mtoto. Alikuwa anakitazama kile kikate cha kijani kwa njaa. Babu yake akamshika bega, akamsimamisha mbele ya jiwe, na kumwonyesha maandishi kwa kidole. Mtoto akasoma majina. Moja alikosea. Babu akalisema vizuri, mtoto akarudia. Wakaenda kwenye kaburi la pili, majina tena, halafu la tatu. Alipomaliza la tatu ndipo akapewa kikate. Hakuna hotuba iliyotolewa, hakuna mtu aliyesema neno "mila". Dakika kumi, na yule mtoto alikuwa anajua majina ya watu wa vizazi vinne. Mimi mwenye diploma ya Utamaduni wa Kiafrika nilikuwa nimeshika kikapu.

Tulipokaa chini kula, mzee akaniuliza kitu. Mwanawe akatafsiri:

"Baba anauliza kama baba yako yuko hai."

Hapana, alifariki.

"Anauliza, kule Kanada, nani anasafisha kaburi lake?"

Sijui kama mnaweza kuelewa. Jibu la uongo lilikuwa rahisi: ndugu yangu, ao watu wa kanisa. Lakini nilimwona baba yangu amezikwa Kanada, chini ya theluji, mahali asipojua mtu yeyote. Kujidanganyia nchi mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea. Kumhamisha yeye kaburini nilishindwa.

Nikasema kwa Kichina changu kibovu: mimi si Mkanada. Baba yangu yuko Kongo. Msalaba wake umeanguka, na hakuna aliyeusimamisha.

Mwenye karakana akaacha kutafuna. Mke wake akatazama chini. Mzee ndiye aliyesema kwanza: "Gangguo?" Ndivyo wanavyoitamka Kongo. Halafu akanyoosha kidole gumba juu: "Lumengba!"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamtaja Lumumba. Mwaka 1961, habari za kuuawa kwake zilipofika, katika miji ya China watu waliingia barabarani kwa mikutano mikubwa, na mzee huyo, kijana wa wakati ule, alikuwa katika mmojawapo. Alisimulia kwa mikono, akapiga ngumi hewani. Alikuwa anaijua nchi yangu kabla mimi sijazaliwa. Miezi saba nilimficha mtu aliyekuwa anajulikana. Kisha akarudi kwenye swali lake, hakulisahau: "Basi, nani anasafisha?" Nikasema mama. Akatikisa kichwa, kama mtu anayesema hiyo haitoshi.

Njiani tukirudi mwanawe hakusema kitu. Sikumlaumu, alikuwa amelipia Mkanada.

Juma lililofuata direkta aliniita. Hakupiga kelele. Alisema Mkongomani hawezi kulipwa bei ya Mkanada, na kuanzia mwezi ule ni yuan 3,000. Yule mtoto alihamishwa katika kalasi ya mwalimu mwingine. Foto yangu ilibaki mlangoni, bendera ikabanduliwa, na pale ilipokuwa pakabaki alama nyeupe ya pembe nne. Mjomba alinikasirikia wiki nzima: "Umeuza dola zaidi ya mia kwa kikate cha majani!" Na kweli, pesa ile niliihitaji, sitajifanya shujaa hapa. Kuna usiku nilijuta.

Halafu ikaja tarehe 12 Mei, tetemeko kubwa la Sichuan, watu makumi ya maelfu wakafa, watoto wengi ndani ya masomo yao. Tarehe 19, saa nane na dakika 28 mchana, nchi nzima ilisimama dakika tatu, magari yakapiga honi. Tulisimama uwanjani na watoto 45 wasiotikisika. Tuliporudi ndani, mmoja akauliza kama kwetu ardhi inatikisika. Nikachora Ziwa Kivu ubaoni, nikaweka nukta ya Bukavu, nikawaeleza tarehe 3 Februari, kanisa, ukuta wa mama. Ni somo pekee la mwaka ule nililofundisha bila kujizoeza mbele ya kioo. Kama ningekuwa bado Mkanada, ningewaeleza nini?

Kabla ya michezo ya Olimpiki ya Agosti ruhusa za kukaa zikawa ngumu, na yangu haikurudishwa upya. Nilipanda ndege mwisho wa Julai, Addis Abeba, Kigali, kisha gari mpaka mpakani Ruzizi ya Kwanza. Mama alinipikia sombe. Nyuma ya mlango wa chumba chake niliona mbao mbili zimefungwa kitambaa. Ulikuwa msalaba wa baba. Aliuleta nyumbani siku ile ile ya tetemeko, kwenye mgongo, maana ukiuacha chini wanauchukua kuni.

Tarehe mosi Agosti tulikwenda wote: mama, mimi, na mtoto wa dada yangu wa miaka saba, aliyebeba msumari na nyundo. Makaburi ya Ruzizi yalikuwa yamebanana, jipya juu ya la zamani, majani mpaka magotini. Bila msalaba sikuona chochote. Nilizunguka, nikarudi, nikasimama mahali nikasema ni hapa. Mama akasema hapana. Akatushika mikono, akatupeleka kwenye shina la mkaratusi mmoja uliobaki kwenye ukingo.

"Toka hapa, utembee kuangalia ziwa. Hatua makumi mbili na tatu, za kwangu, si za kwako."

Nikatembea kwa hatua fupi, nikihesabu kwa sauti. Pale ilipoishia nikaweka jembe. Mama akamrudisha mtoto kwenye mti, akamwambia na yeye ahesabu.

Alifika na hatua makumi tatu na moja. Mama akamwambia: "Kumbuka hiyo ya kwako," na tukaanza kukata majani.